Skrubu Mbili Kwenye Nguzo ya Kushoto

Vijana wangu wa gereji ya Mwanga, tangu siku ile mliyonipikia pilau la kuniaga mmekuwa mkinisumbua: "Mzee Saidi, tuandikie ulivyofanya kazi miaka yote hiyo." Haya, nimeshika kalamu. Msitegemee habari za vyeo, kwa sababu fundi umeme wa magari hana cheo, ana mgongo unaouma tu. Na siku ile ya pilau mmoja wenu alisimama akanisifu kwamba gari likitoka mkononi kwa Mzee Saidi halipigi kelele hata likipita kwenye mawe ya Katonga. Mkapiga makofi wote. Mimi nikainamia sahani yangu, mkadhani nimeona haya ya kusifiwa. Haikuwa hiyo, nami nitaeleza ilikuwa nini.

Nianze na mtu aliyenifundisha. Mzee Ruhaga alikuwa fundi umeme wa mabehewa ya treni kabla hajafungua kibanda chake karibu na stesheni. Kiswahili chake kilikuwa kizito, cha Kiha kitupu, na ukichelewa asubuhi alikuwa anakusalimia "mwakeye" kwa sauti ambayo ilikufanya utamani kurudi nyumbani. Siku yangu ya kwanza sikushika spana. Alinipa boksi la karatasi na kalamu, akaniambia nichore umbo la taa ya nyuma ya lori lililokuwa pale, kisha kila skrubu niliyoitoa niichomeke kwenye boksi mahali pake pale pale. Nilifanya hivyo miezi mingi. Nikikosea, alimwaga zote chini na kuniambia nianze upya.

Neno lake moja sikulielewa kwa miaka. Alisema, "Saidi, ukikuta kitu kimefungwa legelege kutoka kiwandani, usikikaze. Jiulize kwanza kinataka kwenda wapi." Nikadhani ni maneno ya wazee wa treni. Behewa linatingishika, vitu lazima viwe na nafasi, basi. Gari dogo linataka kwenda wapi zaidi ya barabarani?

Nilipofungua gereji yangu pale Mwanga, magari yaliyokuwa yanakuja bado yalikuwa na nyaya unazoweza kuzihesabu kwa vidole. Baadaye yakaanza kuja haya ya Japani yenye kompyuta, na eabegi, ile mifuko ya hewa ya kumkinga mtu kwenye ajali, kila kona. Ya usukani, ya abiria, ya kwenye kiti, na ile ya pazia, ambayo imekunjwa ndani ya dari juu ya madirisha, kutoka mbele mpaka nyuma. Gari likigongwa ubavuni, mtungi mdogo wa gesi unalipuka, pazia linashuka na kusimama kati ya kichwa cha mtu na kioo. Ni kitu cha kufumba na kufumbua.

Mnajua vizuri mchezo wa mafundi wa hapa mjini. Gari likiwa limeshagongwa na eabegi imekwisha kulipuka, wanakata kitambaa kwa wembe, wanafunga dari, halafu wanaweka rizista kwenye waya ili kompyuta idanganyike na taa ya eabegi izimike. Mteja anaona taa imezima, anafurahi, anaondoka na gari lisilo na kitu. Mimi huo mchezo niliukataa, na nilijipiga kifua kwa hilo mbele za watu. Kuringa kwangu kulianzia hapo.

Mwalimu Editha alikuja kwangu kwa jambo dogo, taa ya ndani haiwaki. Alihamishiwa huku kutoka Njombe, akawa anafundisha sekondari upande wa Bangwe, na alikuwa amenunua gari la milango mitano lililokwisha kupita mikononi mwa watu wawili. Nilipofungua dari upande wa kushoto nikakuta ule ule uchafu: pazia limekatwa, rizista imefungwa kwa utepe mweusi. Nikamwita aje aone.

"Mwalimu, gari lako limeshawahi kupigwa ubavu huu. Pazia halipo. Waliokuuzia wamekudanganya."

Akaniuliza, "Upande huu ndiyo wa abiria?"

"Ndiyo. Wa mbele na wa nyuma."

"Mama yangu ndiye anayekaa hapo, fundi. Nimemleta juzi, magoti yamemwishia. Nampeleka hospitali kila wiki." Akagusa lile tundu la darini. "Rudisha kama lilivyotengenezwa. Ukiniambia haiwezekani, nitaliuza hata kama ni kwa hasara."

Jipya lilikuwa la kuagiza nje, na majibu tuliyopewa yalikuwa ya kukatisha tamaa. Nikaenda Ujiji kwa Shabani. Wengi wenu hamkumkuta katika kazi. Shabani alikuwa anauza spea za mtumba, magari yaliyokatwa vipande, na ua wake ulikuwa safi kuliko sebule za watu. Kila kipande alikiandika kimetoka kwenye gari gani na liliumia wapi. Nilimtania kwamba anawatunzia marehemu kumbukumbu zao. Alikuwa na pazia la kushoto kutoka kwenye gari lililogongwa kwa nyuma, eabegi hazikulipuka hata moja.

"Hii nzima," akaniambia. "Nimeitoa mwenyewe, haijaona maji wala jua. Lakini angalia mwenyewe, Saidi, usinisikilize mimi."

Nikaangalia. Namba ya kwenye karatasi yake ililingana na ya lile lililokatwa, herufi kwa herufi. Ni la kushoto kweli. Kitambaa hakijakunjuliwa, mtungi hauna kutu, soketi yake ya njano haina alama ya kuchokolewa. Sikuigusisha mita, na ninyi msithubutu hata siku moja, maana umeme kidogo tu wa mita unaweza kuilipua usoni mwako. Gari lilipofika nikachomoa betri, nikaagiza chai, nikainywa yote taratibu mpaka umeme uliobaki ukaisha. Nikashika chuma cha mlango kwanza, nijitoe umeme wa mwilini, kabla ya kushika pazia. Nikalilaza kwenye mkondo wake, nikafuata mstari uliochorwa kwenye kitambaa kutoka mwanzo hadi mwisho nihakikishe halijajisokota. Boliti mpya. Soketi ikaingia na kulia ile "tik" yake. Niliporudisha betri, taa ya eabegi iliwaka, ikahesabu, ikazima yenyewe bila rizista wala uongo. Nasema tena ili msije mkakosea mnapolisimulia jambo hili: pazia lile nililifunga vizuri.

Mama yake alikuja siku ya kulichukua. Bibi mwembamba, amejifunga kanga mbili kwa mazoea ya baridi ya kwao, na jua letu lote lile. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hilo pazia lako litanifunika nisilione ziwa?"

"Hapana mama. Limelala huko juu. Mpaka litokee la kutokea ndiyo linashuka."

"Basi lilale," akasema, akacheka. Akaniahidi samaki, mgebuka wa kuchoma, na kweli wiki iliyofuata akauleta mwenyewe, umefungwa kwenye gazeti.

Sasa tunakuja kwenye lile lililoniinamisha kwenye sahani. Wiki mbili baadaye Mwalimu akarudi. Gari linalia. Kwenye ile njia ya Bangwe, lile kava la plastiki la nguzo ya katikati, upande wa kushoto, lilikuwa linagongagonga. Nilijua sababu. Klipu ya juu ya kava lile ilivunjika nilipokuwa nafungua, nami nikarudishia nyingine iliyochoka. Mafundi wenzangu wa jirani walikuwa wamekaa pale wanakunywa kahawa, mmoja akapaza sauti: "Saidi! Leo na wewe gari lako linaimba?" Wakacheka. Loo, nilivyochukia! Utadhani wamenitukania wazazi.

Nikapanda bodaboda mpaka Ujiji kutafuta klipu. Shabani hakuwa nayo.

"Nimeshaagiza mfuko mzima Dar," akaniambia. "Zinakuja na treni ya Alhamisi. Subiri."

"Mteja yuko gereji, na wale wapuuzi wananicheka. Nipe skrubu mbili."

"Skrubu za nini?"

"Za kushikia kava."

Akanitazama. "Klipu si Alhamisi tu, Saidi?"

"Nitatoa Alhamisi, niweke klipu. Nipe."

Akachukua kibao cha namba cha gari moja lililokatwa, akafungua skrubu mbili nyeusi zenye kichwa kipana, akanipa. Nikarudi. Nikatoboa kava kwa juu, nikazizamisha mpaka kwenye chuma cha nguzo, na nikapitisha silikoni kwenye ukingo wote pale kava linapokutana na dari. Nikalipeleka gari Katonga na kurudi. Kimya. Nikapita taratibu mbele ya wanywa kahawa, dirisha wazi, nikawatazama mmoja mmoja.

Mmeshaelewa? Kava lile limefungwa kwa klipu laini makusudi. Pazia linaposhuka linaisukuma klipu, kava linaachia, kitambaa kinapita. Ndiko kava lilikotaka kwenda, lile neno la Mzee Ruhaga. Mimi nikalipigilia pale kwa chuma na gundi, na bila kufikiri chochote, kwa sababu ya kicheko cha watu watatu waliokuwa wanakunywa kahawa.

Alhamisi treni ilikuja. Shabani akaniletea klipu mwenyewe, imefungwa kwenye karatasi, yenye jina la gari. Nikaiweka kwenye droo. Mwalimu alikuwa hajarudi, gari lilikuwa kimya, kazi zilikuwa nyingi. Nikasema akija kubadilisha betri nitaiweka. Ile klipu mnaijua. Ndiyo ile nyeupe iliyo kwenye droo ya juu, ambayo nilimgombeza mmoja wenu alipotaka kuitumia kwenye gari lingine, na hakuna aliyejua kwa nini nimefoka vile kwa kitu kidogo namna hiyo.

Ajali ilitokea mchana kweupe, kwenye mteremko wa kutoka Mwanga. Lori la mawese lilikatika breki likamgonga Mwalimu ubavu wa kushoto. Yeye alitoka na mkono uliovunjika. Mama yake kichwa kilipiga nguzo. Aliishi. Lakini maneno yalimtoka kichwani, na hakumwita tena binti yake kwa jina, wala hakujua kama ana binti.

Polisi waliniita nikachomoe betri, maana mawese yalikuwa yamemwagika na waliogopa moto. Nikaingia. Pazia lilikuwa limeshuka mbele, limeshuka na nyuma. Katikati, pale kwenye nguzo, lilikuwa limenaswa chini ya kava langu kama nguo iliyobanwa na mlango. Skrubu mbili zimekaza vile vile. Kazi nzuri, haijalegea hata kidogo.

Nilijua pale pale. Hapakuwa na dakika ya kujiuliza. Na mkono wangu huu ukatoa bisibisi mfukoni, ukafungua skrubu, ukazitia kwenye mfuko wa ovaroli. Nikabandua silikoni kwa wembe, nikaiviringa kiganjani. Nikachomoa betri. Nikatoka nje nikasema tayari.

Kesho yake gari lilikuwa limevutwa mpaka gereji kwangu; mkaguzi alikuwepo, Mwalimu alikuwepo mkono ukiwa kwenye bandeji, na Shabani aliitwa. Mkaguzi akauliza kwa nini pazia limetoka nusu. Shabani akainama ndani ya gari, akakaa humo muda kidogo, akatoka akaja kusimama mbele yangu.

"Saidi, wewe uliikagua ile eabegi. Waambie ilikuwaje."

Nikasema, "Vitu vya mtumba, afande, havina uhakika. Gesi inaweza kuwa ilishachoka."

Hayo tu. Sikumtaja mtu. Nimejiambia hivyo miaka mingi, kwamba sikumtaja mtu! Mwalimu akamgeukia Shabani, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Uliuza kitu kibovu akakaa chini yake mama yangu." Na Shabani akanitazama mimi, hakumtazama yeye.

Mji wetu ni mdogo. Kabla ya Ijumaa mbili kupita, hapakuwa tena na fundi aliyekwenda kununua kwenye ua ule. Watu walipita wakinong'ona kwamba Shabani anauza vifo. Akaufunga, akaenda Kibirizi kutengeneza injini za maboti ya dagaa. Nilimwona mara moja moja sokoni, nikageuza njia. Mwalimu, kwa upande wake, akaendelea kuniletea gari lake jingine kwa sababu mimi ndiye fundi mkweli, niliyemwonyesha rizista. Alipokuja kunipa habari kwamba mama yake amefariki, alinishukuru kwa nilivyojitahidi. Nilipokea shukrani ile. Macho makavu.

Basi baada ya lile pilau lenu sikulala vizuri siku nyingi, nikapiga moyo konde nikaenda Bangwe. Nilimweleza Mwalimu yote, toka wanywa kahawa mpaka wembe. Skrubu nikaziweka mezani, maana sikuwahi kuzitupa. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.

"Mama alitaka kukaa nyuma siku ile," akasema. "Nyuma katikati, apumzishe miguu. Nikamwambia kaa mbele, mama, upande huo fundi Saidi ameutengeneza."

Nikasema nisamehe, mwalimu.

"Sijui, baba. Kwa leo sijui." Akazisukuma zile skrubu zirudi upande wangu. "Lakini mimi nilimtukana mtu asiye na kosa, tena mbele ya polisi. Nitakwenda kumwomba radhi mwenyewe. Wewe tangulia."

Nikatangulia. Kibirizi asubuhi, wanawake wanaanika dagaa, Shabani amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, injini imefunguka mbele yake. Na pembeni yake, nikaona, boksi la karatasi lenye umbo la injini, kila skrubu mahali pake. Nilimfundisha mimi zamani, kama nilivyofundishwa.

Nikafungua kiganja. Akazitazama zile skrubu nyeusi, hakuzishika.

"Hizo nilikupa mimi," akasema.

"Shabani, zilikuwa bado ziko kwenye kava siku ya ajali. Nilizitoa kabla hamjafika."

"Najua."

"Unajua?"

"Niliinama mle ndani, Saidi. Nikapitisha kidole. Matundu mawili mapya, yenye upana ule ule, na silikoni imebaki kwenye pembe. Mimi si mtoto."

"Sasa mbona hukusema?"

Akapangusa mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Ningesema nani angenisikia? Muuza mtumba anamsingizia fundi. Nilikuuliza mbele yao nikakupa nafasi. Halafu nikasema atakuja kesho. Halafu nikasema atakuja akitulia. Nimekaa na hilo mpaka mvi hizi, ndugu yangu. Nilikuwa nasubiri useme wewe."

Nililia pale, mtu mzima, wanawake wa dagaa wakiangalia. Nikamwambia aniambie nifanye nini, chochote, nitafanya. Akarudi kwenye injini yake, akachukua spana, akafungua boliti moja, akaichomeka kwenye boksi mahali pake.

"Ulisemea gereji," akasema bila kuniangalia. "Kasemee huko huko. Wale vijana wanaoniamini kwa injini ya boti lakini hawaniamini kwa taa ya gari, waambie. Andika, wasome."

Ndiyo nimeandika. Sikuandika kwa ajili ya pilau lenu. Karatasi hii ibandikwe pale juu ya droo, na klipu ile nyeupe iwekwe pembeni yake, na zile skrubu mbili nitazileta mwenyewe. Fundi wa jirani akija kunywa kahawa, msomeeni. Mteja akiuliza, msomeeni. Mimi mnicheke au mnizomee, shauri yenu, nimeshachekwa na watu nikaona matunda yake. Lakini sentensi hii ya mwisho isomeni kwa sauti, isikike mpaka barabarani, kwa sababu nilipaswa kuisema siku ile nimesimama mbele ya mkaguzi: eabegi ya Shabani ilikuwa nzima.